Ukurasa Ambao Mama Yao Aliufunika

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kitabu hata kimoja. Shefu wa atelie, yaani mkuu wa karakana, mzee wa Kasai mwenye koti la kijivu lililojaa madoa ya gundi, alinisimamisha karibu na dirisha akaniambia nimwonyeshe mikono. Akaigeuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Mikono yako inatoka jasho," akasema. "Jasho inaua karatasi. Enda unawe na sabuni, upanguse muzuri, unirudilie."

Nikanawa, nikarudi. Akaigusa, akanituma tena. Asubuhi ile yote nilikuwa mtu wa kwenda bombani na kurudi, na wasichana waliokuwa wakikunja karatasi mezani walicheka chinichini. Mchana ndipo aliponipa mfupa. Huo ni ubapa mwembamba wa mfupa wa ng'ombe, uliosuguliwa hadi ukawa laini kama sabuni iliyotumika. Ukikunja karatasi kwa kidole, mkunjo unakuwa mnene na kitabu hakifungi vizuri. Ukipitisha mfupa, mkunjo unalala. Mfupa ule ninao hadi leo.

Hiyo ilikuwa imprimeri ya misioni, kiwanda chao cha kuchapa vitabu, hapa Lubumbashi, nami nilikuwa msichana aliyetoka shule bila kujua atafanya nini. Nilijifunza kujalidi vitabu: kukunja, kukusanya kurasa kwa mpangilio, kushona mgongo kwa uzi wa kitani, kubana kwenye presi, kisha kubandika jalada. Tulitengeneza pia vitabu vya zamani vilivyochoka, misale na Biblia na madaftari ya ubatizo. Kwa kazi hiyo Shefu alikuwa na sheria moja tu.

"Kitabu inaingia mugonjwa, inatoka muzima," alikuwa akisema. "Mwenyewe asiyue ata kama ilikuwaka mugonjwa."

Ili mwenye kitabu asijue kabisa kilivyokuwa, tulikata kingo zilizochakaa, tukapausha madoa, tukabandika karatasi mpya juu ya matundu. Mwenye kitabu alipokuja kukichukua alifurahi sana, na Shefu alisimama nyuma ya meza, mikono mgongoni, akijifanya anatazama nje.

Imprimeri ile ilichapa pia vitabu vya michoro, vile ambavyo watu wa hapa wanaviita bede. Karatasi yake ilikuwa hafifu, na katikati viliwekwa vyuma viwili vidogo vya kubana kurasa, agrafe. Kimojawapo kilikuwa hadithi ya masinisti, yaani dereva wa treni, kilichochorwa na mtu wa hapahapa mjini. Watoto walikipenda mno. Na kwa sababu walikipenda, walikisoma mpaka kikachanika, na leo ni vigumu sana kukiona. Wakati ule nilikunja kurasa zake bila kuzitazama. Nilikuwa nikifikiria chakula cha mchana.

Niliolewa, nikapata watoto, nikaondoka imprimeri na kuingia chumba cha arshive, yaani cha kutunzia kumbukumbu, cha kampuni moja ya migodi. Huko hapakuwa na vitabu vingi. Palikuwa na ramani za chini ya ardhi, kubwa kama mashuka, zilizochorwa kwa wino kwenye kitambaa chembamba kilichopakwa nta. Shefu wa arshive, injinia mpole aliyependa kupiga miluzi, alikuwa amenunua mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki. Plastiki hiyo ilikuwa mtindo wa wakati ule kila mahali.

"Madame, hii njo dawa," aliniambia. "Maji haiingie, vumbi haiingie. Ni ya milele."

Tulifunika ramani nyingi. Miaka ikapita, plastiki ikageuka njano, kisha ikaanza kukunjamana, na wino ukang'ang'ania plastiki badala ya kitambaa. Hakukuwa tena na njia ya kuvitenganisha. Nakumbuka siku tuliyosimama mimi na yeye juu ya ramani moja iliyokuwa imefifia. Miluzi ilikuwa imekwisha. "Tuliipenda vibaya," alisema. Hakuna aliyemlaumu, lakini sentensi ile nilitoka nayo nilipohama.

Mahali pa tatu, na pa mwisho, ni jumba la makumbusho. Mkuu wangu huko alikuwa Madame Konservatrisi, mwanamke wa hapahapa aliyesomea mbali kazi ya kulinda vitu vya kale. Mwanzoni tuligombana. Nilimletea kitabu nilichokitengeneza vizuri sana, kinang'aa, nikingoja asifu. Akakigeuza huku na huku.

"Mama Kabwe, kitabu yenyewe iko wapi?" akauliza. "Hapa naona kazi yako tu. Kuzeeka si ugonjwa."

Nilikasirika siku nzima. Baadaye nikaanza kumwelewa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia gundi ya wanga inayoyeyuka kwa maji, na karatasi ya Kijapani, nyembamba kama ngozi ya kitunguu lakini ngumu kuchanika. Na alikuwa na sheria yake: "Usifanye kintu yenye muntu mwingine hataweza kufungula." Yaani, kila ulichobandika, anayekuja baada yako aweze kukibandua bila kuumiza karatasi. Kati ya Shefu na Madame nilifanya kazi maisha yangu yote, kama mtoto wa wazazi wasiokubaliana. Nilipostaafu nilikuwa bado sijaamua nani alikuwa sahihi.

Siku hizi niko nyumbani kwangu Katuba. Nina meza karibu na dirisha, presi ndogo, na watu wanaokuja kwa sababu wameelekezwa na watu. Nataka kuwasimulia juu ya wawili waliokuja kiangazi kimoja, kwa sababu kazi yao ndiyo iliyonifanya nielewe kazi zilizotangulia.

Walikuwa ndugu. Dada, Mama Ngalula, ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mnene mwenye sauti ya darasani. Mdogo wake, Deo, ni deklara huko Kasumbalesa mpakani, mmoja wa wale wanaopitisha makaratasi ya malori kwenye forodha. Alikuwa amekuja na vumbi la barabara kwenye viatu. Ngalula alifungua kipande cha kitenge, na ndani kilikuwa kitabu cha yule masinisti.

Nilikaa. Sikuwa nimekiona tangu ujana wangu.

Kilikuwa katika hali mbaya. Agrafe zilikuwa zimeota kutu, na kutu imekula karatasi kuzizunguka. Mgongo ulikuwa umebandikwa skochi, ile karatasi ya kunata, nayo imekauka na kuacha njia ya rangi ya chai. Lakini kilichonishangaza ni ukurasa wa mwisho. Ulikuwa umefunikwa wote kwa karatasi ya daftari la shule, imebandikwa kwa gundi ya unga, na juu yake mtu amechora kwa kalamu ya bic na kalamu za rangi. Masinisti anaingia mlangoni, kofia mkononi. Mke wake ameshika sahani. Mume anasema: "Nilichelewa, lakini niko." Mke anajibu, akimaanisha ale kwanza na aeleze baadaye: "Kula mbele. Utaeleza nyuma."

"Njo mama yetu alichora," Ngalula alisema.

Akanieleza. Baba yao alikuwa masinisti kweli, na alinunua kitabu hiki kwa sababu kilizungumzia watu wa kazi yake. Alikuwa akiwasomea jioni. Kisha siku moja treni yake ilitoka kwenye reli, na hakurudi. Deo alikuwa mdogo sana. Aliendelea kuleta kitabu kila jioni, akimwekea mama yake mapajani. Na katika kitabu kile, kwenye ukurasa wa mwisho, masinisti anabaki ndani ya mashine darajani akivuta breki ili abiria wapone, na anakufa. Mama alisoma mara chache, akashindwa. Siku moja akachemsha unga wa muhogo, akaufunika mwisho ule, akachora wa kwake.

"Miye nilikuwa nimeshaona ya chini," Ngalula alisema. "Deo hakuona."

"Sikuona," Deo alisema. "Nilisoma ya mama tu. Nilipokuwa mukubwa njo niliyua kama kuko ingine chini yake."

"Na hamkufungua?"

"Mama alikuwaka muzima. Nani angefungua?"

Sasa mama yao alikuwa ameaga dunia, na kulikuwa na mtu wa Ulaya, mkusanyaji wa bede za zamani, aliyeona picha ya jalada kwenye simu ya rafiki wa Deo. Alikuwa tayari kukinunua kwa bei ambayo Deo aliitaja mara moja tu, kwa sauti ndogo. Lakini kwa masharti. Kitengenezwe na fundi. Karatasi ya daftari iondolewe, ukurasa wa mwisho uonekane, madoa yapaushwe, agrafe ziwe mpya.

"Mama, si franka tu," Deo aliniambia. Alikuwa akinitazama mimi lakini akimjibu dada yake, ambaye humwita Yaya, yaani dada mkubwa. "Kule beko na bachumba ya baridi, banachunga karatasi sawa mutoto. Huku, mende watakimaliza. Yaya anakifunga mu kitenge, anazani anakichunga. Kinakufa mu mikono yetu."

"Kinakufa kikiwa na mama ndani," Ngalula alisema. "Ule muzungu anataka kumutosha mama mu kitabu, amutupe. Deo, utauzisha mukono ya mama?"

Walikuwa wamekwisha kugombana juu ya jambo hili mara nyingi, ilionekana wazi, na kila mmoja alijua mwenzake atajibu nini. Waliniletea mimi ili niwe upande wa mmoja wao. Nikawaambia kwanza niangalie.

Nilikiinua kitabu kwenye mwanga wa dirisha, ukurasa wa mwisho ukielekea jua. Karatasi mbili zilizobandikwa pamoja zinapaswa kuonekana kama kivuli kimoja. Hapa niliona vijia vya mwanga vikipinda huku na huku. Nikagusa ukingo kwa ncha ya mfupa, na unga mwembamba wa kahawia ukamwagika mezani. Wadudu. Gundi ya muhogo ni chakula kizuri kwao, na walikuwa ndani, kati ya mwisho wa mchoraji na mwisho wa mama, wakila pande zote mbili.

Niliwaambia kama nilivyoona. Kukipausha na kukifanya kipya, sitakubali, kwa sababu dawa ya kupausha inadhoofisha karatasi hafifu kama hii. Kuondoa skochi na kutu, lazima. Na ile karatasi ya mama, mkiiacha kama ilivyo, wadudu wataendelea. Mkitaka niibandue, naweza kujaribu kwa unyevunyevu. Wino wa bic hauogopi maji sana, lakini karatasi ya daftari imezeeka, na siwezi kuapa kwamba haitachanika.

Ngalula alikuwa amekunja mikono. "Basi, kukiacha vile kiko..."

"Kukiacha ni kuwapa wadudu waamue," nilisema.

Akakunjua mikono. Kisha akamuuliza mdogo wake: "Deo, unataka kuona ya chini? Ukweli. Muzungu muweke kando."

Deo alitazama viatu vyake. "Ndiyo, Yaya. Nataka."

Walikwenda nyumbani kwa Ngalula, Naviundu, wakalitafakari jambo hilo, na Jumamosi iliyofuata wakarudi pamoja. Ngalula alisema: "Fungula. Lakini ya mama isipasuke."

Kazi yenyewe ni ya polepole. Unaweka karatasi ya kunyonya maji iliyoloweshwa kidogo sana juu ya kiraka, juu yake nailoni, juu yake uzito mdogo. Unangoja. Unyevu unashuka, gundi inalegea. Kisha unaingiza kisu kisicho na makali na unainua upana wa ukucha, si zaidi, unarudisha unyevu, unangoja tena. Deo alikaa upande mmoja wa meza na Ngalula upande wa pili. Deo alizima simu yake mwenyewe, bila kuambiwa. Mikono yangu ilikuwa mikavu, nilishukuru.

Kiraka cha mama kilitoka chote. Kilikuwa na matundu pembeni, lakini nyuso zote mbili na maneno yote yalikuwa salama. Nikakilaza kwenye kitambaa safi. Ndipo sote watatu tukatazama chini yake.

Hapakuwa na mwisho. Mchoraji alikuwa ametumia wino mweusi mzito kwenye karatasi laini, na gundi ilikuwa nyingi zaidi hapo katikati. Wadudu walikuwa wamekula mashine, wamekula daraja, wamemla masinisti. Kilichobaki ni anga juu, kona ya kituo cha treni, na mwanamke mmoja amesimama akingoja. Mengine yalikuwa kama lesi.

Nilisikia Ngalula akivuta pumzi. Kisha, jambo ambalo sikulitarajia, akaanza kucheka, taratibu, mkono mdomoni, machozi yakimtoka.

"Ata mende," alisema, "ata mende balikubali na mama."

Deo hakucheka. Alisimama, akatoka uani, akakaa huko karibu na bomba. Aliporudi, uso wake ulikuwa umelowa maji.

"Nilizania nitaona namna papa yetu alikufa," alisema. "Tangu utoto. Nilizania iko mule chini, siku moja nitaona, nitayua."

"Deo." Ngalula aliacha kucheka. "Ile ni michoro ya muntu. Papa hakukufia mu kitabu. Miye nilikuwa nimeanza kupata akili, niliona siku walikuya kuambia mama. Sababu gani hukuniulizaka miye?"

"Ulikuwaka unalia."

"Basi sasa silie. Uniulize."

Nilinyanyuka nikaenda jikoni kuchemsha chai, na nikachelewa makusudi. Yale yaliyosemwa ni yao. Niliyosikia kupitia ukuta ni kidogo tu: habari ya wanaume wawili wenye kofia za reli waliosimama mlangoni wakikataa kukaa, na habari ya shati ambalo mama yao hakulifua kwa muda mrefu. Sauti ya Deo ilikuwa ikiuliza vitu vidogo vidogo. Viatu vilikuwa vya rangi gani. Nani alimbeba yeye Deo siku ile.

Nilipoleta chai, Deo alikuwa amewasha simu. Aliupiga picha ule ukurasa, akamtumia yule mkusanyaji. Jibu lilikuja tukiwa bado tunakunywa. Mtu yule alikuwa na adabu, sitamsema vibaya. Aliandika kwamba anasikitika, lakini jambo linatengenezeka: anajua mwenye nakala nyingine, atatuma picha ya ukurasa ule, na fundi ajaze sehemu iliyoliwa kwa karatasi mpya na kuchora upya. Karatasi ya mama ingewekwa kando, ndani ya bahasha.

"Inawezekana, Mama?" Deo aliniuliza.

"Inawezekana," nilisema. Huo ndio ukweli. Nilikuwa nimefanya kazi ngumu kuliko hiyo, na mkono wangu ulikuwa bado unaweza. Shefu wangu wa kwanza angeanza siku ileile.

"Na weye, ungefanya nini?"

Watu wameniuliza swali hilo miaka yote, na siku zote nimekataa kulijibu, kwa sababu kitabu si changu. Nikakataa tena. Nilimwambia tu: "Mwanangu, hapa mezani kuna mwisho mmoja mzima. Mwingine nitautengeneza mimi. Ukinilipa, utakuwa mzuri. Lakini utakuwa wangu."

Alifikiri. Kisha Deo akaandika kwenye simu, akatusomea kabla ya kutuma, kwa Kifaransa safi cha forodha: asante, bwana, kitabu hakiuzwi tena. Akaiweka simu kifudifudi.

"Lakini Yaya," alisema, "kitenge basi. Kuanzia leo, kitenge basi."

"Sawa," Ngalula alisema. "Kitenge basi."

Nilikaa na kitabu kile kwa majuma kadhaa. Niliondoa agrafe na kusafisha kutu, nikashona mgongo kwa uzi wa kitani kupitia matundu yaleyale. Skochi niliitoa, lakini njia yake ya rangi ya chai nikaiacha. Ukurasa ulioliwa niliuimarisha kwa karatasi ya Kijapani kwa nyuma, bila kujaza kitu, ili matundu yaonekane ni matundu. Na kiraka cha mama nikakirudisha mahali pake, kikiwa kimeshikwa upande mmoja tu kwa ukanda mwembamba, kama mlango kwenye bawaba. Anayetaka kuinua atainua. Madame angesema inafunguka. Shefu angesema mbona naona ugonjwa. Kisha nikakitengenezea sanduku la kadibodi lisilo na asidi, lenye kifuniko kinachobana.

Walipokuja kukichukua, Deo aliinua mlango ule mara moja, akamtazama yule mwanamke anayengoja kituoni, akaushusha. Ngalula akavaa miwani. Alisoma tangu jalada, kwa sauti ya darasani, Kifaransa cha mchoraji akikigeuza Kiswahili njiani, na Deo akifanya sauti za treni kama alivyofanya, nadhani, alipokuwa mdogo. Jirani yangu alichungulia dirishani kuona kuna nini. Walipofika kwenye ukurasa wa mama, Deo ndiye aliyesoma maneno ya mume, na dada yake akamjibu: "Kula mbele. Utaeleza nyuma."

Sasa macho yangu yamepungua, na kushona siwezi tena kwa muda mrefu. Vijana wa makumbusho wakija kuniuliza nani alikuwa sahihi, Shefu au Madame, nawaambia wote wawili walinifundisha mikono, na hakuna kati yao aliyenifundisha kuuliza kitabu hiki kinasomwa na nani. Hilo nililiuliza kwa kuchelewa, baada ya kazi rasmi kuisha.

Watu bado wanagonga mlango. Wanaleta Biblia za bibi zao, madaftari ya nyimbo, albamu za harusi, bede zilizochanika, na swali lao ni lilelile: Mama, inafaa tukitengeneze, ao tukiache? Siwajibu mara moja. Nawapa kiti, nawaomba wafungue ukurasa wanaoupenda na wanisomee. Wengine wanaanza kusoma, wanazama humo, wanasahau walichokuja kuniuliza. Mimi siwakumbushi.